Krispi za muhogo: nguvu tele, lishe kiduchu

Jua likishaelekea bara, ukingo wa bahari wa Mama Ngina mjini Mombasa hujaa watu. Familia hushuka na watoto, vijana hukaa kutazama meli zikiingia Kilindini, na kando ya njia makarai ya mafuta yanachemka. Muhogo uliomenywa hupitishwa kwenye wembe, slesi nyembamba zikadondoka karaini, na baada ya dakika chache huopolewa zikiwa kavu na zimeiva rangi. Hunyunyiziwa chumvi na pilipili ya unga, ndimu ikakamuliwa juu, na kachri iko tayari. Mteja huondoka na mfuko mkononi, na mara nyingi mfuko humalizika kabla hajafika alikokuwa anakwenda.

Dar es Salaam mambo ni yaleyale kwa sura nyingine. Ufukwe wa Coco umejijengea jina kwa mihogo ya vipande vinene, ya kukaanga na ya kuchoma, inayoliwa kwa kachumbari na pilipili. Unguja, bakuli la urojo huonekana halijakamilika mpaka limwagiwe chipsi za muhogo juu yake. Na kwenye rafu za maduka makubwa, pakiti za krispi za muhogo sasa zimepangwa sambamba na za mbatata, nyingine zikiwa zimeandikwa maneno matamu: ya asili, haina gluteni, haina kolesteroli, bora kwa afya yako.

Maneno hayo yanafanya kazi. Mzazi anayemnyima mtoto biskuti na soda humnunulia krispi za muhogo kwa moyo mweupe, akijua amempa chakula cha nyumbani. Anayejaribu kupunguza uzito huzichagua badala ya chipsi kavu za mbatata, akiamini ameepuka mafuta. Je, imani hiyo ina msingi?

Jibu fupi ni kwamba krispi za muhogo ni chakula cha nguvu, tena nguvu nyingi iliyobanwa mahali padogo, na zaidi ya hapo zina machache ya kumpa mlaji. Uzuri au ubaya wake kwa kiasi kikubwa huamuliwa karaini, na kwa kile kinacholiwa pamoja nazo.

Muhogo kabla ya karai

Tuanze na mzizi wenyewe. Gramu 100 za muhogo mbichi uliomenywa zina takriban kilokalori 160. Asilimia 60 hivi ya uzito huo ni maji, na karibu kila kinachobaki ni wanga, gramu 38. Protini ni gramu 1.4 tu, mafuta hayafiki hata nusu gramu, na nyuzinyuzi zinakaribia gramu 2. Kuna potasiamu, miligramu 270 hivi, madini yanayousaidia mwili kudhibiti shinikizo la damu. Kuna pia vitamini C, miligramu 20, ambayo wengi hawajui kwamba imo humo. Chuma na zinki ni kidogo mno, na katika muhogo mweupe tunaoujua, vitamini A ni kama haipo.

Hesabu hiyo inaeleza kwa nini mmea huu umepewa heshima na dharau kwa wakati mmoja. Wareno waliuleta Afrika kutoka Brazili katika karne ya 16, kwanza pwani ya magharibi. Upande wetu ulisambaa zaidi katika karne ya 18 na ya 19. Wakulima waliupenda kwa sababu huvumilia ukame na ardhi iliyochoka, na unaweza kuachwa udongoni zaidi ya mwaka mmoja ukisubiri siku ya shida. Tawala za kikoloni nazo ziliwashurutisha watu kuupanda kama akiba ya njaa. Ndipo ukabandikwa jina la chakula cha njaa, na mpaka leo wapo wanaoona haya kumwandalia mgeni muhogo wa kuchemsha. Ajabu, mgeni huyohuyo akipewa muhogo uliokaangwa ukawekwa kwenye pakiti inayong'aa, atauliza umenunuliwa wapi.

Kama akiba ya njaa, muhogo ulitimiza wajibu wake: ulizuia watu kufa. Ila kuzuia njaa ni jambo moja na kujenga mwili ni lingine. Mtoto anayeshibishwa muhogo siku baada ya siku bila maharage, dagaa, maziwa wala karanga hupata nguvu ya kucheza leo huku mwili wake ukikosa malighafi ya kukua. Kwashakoo imewapata watoto wengi wa namna hiyo, wenye matumbo yaliyojaa wanga. Nchini Tanzania, utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba watoto 30 katika kila 100 wenye umri wa chini ya miaka mitano wamedumaa. Sababu za udumavu ni nyingi, kuanzia maradhi hadi maji machafu, na mlo wa wanga mtupu ni mojawapo.

Mmea huohuo, juu ya ardhi, unabeba kile ambacho mzizi hauna. Kisamvu kina protini ya kutosha kuhesabika, kina kalisi na chuma, na kina viini ambavyo mwili huvigeuza kuwa vitamini A. Bibi zetu waliopika bada au muhogo wa nazi wakaweka bakuli la kisamvu pembeni, hawakuwa na jedwali la virutubisho ukutani, lakini mlo wao ulikuwa umekaa sawa. Krispi zimeuchukua mzizi peke yake zikaacha jani shambani.

Maji yanatoka, mafuta yanaingia

Sasa tuutie muhogo huo karaini. Chukua gramu 180 za muhogo mbichi uliomenywa. Ndani yake mna takriban gramu 108 za maji na gramu 72 za kitu kikavu, karibu chote wanga. Ukizikata slesi nyembamba na kuzikaanga, maji hayo hutoka kama mvuke. Yale mapovu yanayochemka kwa kishindo ni maji yanayokimbia. Mapovu yakitulia, ujue krispi zimekauka.

Nafasi yaliyoiacha maji huchukuliwa na mafuta. Krispi nyingi za muhogo huwa na mafuta kati ya gramu 20 na 30 katika kila gramu 100. Tukichukua 25, zile gramu 180 za muhogo zitatupa gramu 100 za krispi: 72 za muhogo mkavu, 25 za mafuta, na gramu 3 za maji yaliyogoma kutoka. Nguvu yake? Muhogo unaleta kilokalori 288, mafuta yanaleta 225, jumla ni zaidi kidogo ya 510. Kwa maneno mengine, asilimia 44 ya nguvu unayoila kwenye krispi haikutoka shambani kwa mkulima wa muhogo, imetoka kwenye dumu la mafuta.

Linganisha na muhogo wa kuchemsha, ambao gramu 100 zake zinabaki karibu na kilokalori zilezile 160. Krispi zina zaidi ya mara tatu. Tofauti kubwa zaidi iko tumboni. Sahani ya gramu 300 za muhogo wa kuchemsha ina kilokalori 480 hivi, na atakayeimaliza na chai hatahitaji kitu mpaka mchana. Gramu 100 za krispi zina nguvu zaidi ya hiyo, lakini mtu huzimaliza akiwa kwenye daladala na akifika nyumbani anauliza chakula kimeiva. Kwa kuwa maji na ujazo vimeondolewa, tumbo halipati habari mapema kwamba limeshalishwa.

Virutubisho vichache vilivyokuwemo navyo havifiki vyote. Vitamini C huharibika kwa joto na hewa, na slesi nyembamba huwa wazi kwa vyote viwili. Potasiamu huchukuliwa kidogo na maji ya kusuuzia. Protini inabaki, lakini gramu 2.5 katika pakiti nzima ya gramu 100 ni ndogo mno.

Unene wa kipande nao una neno lake. Mafuta hukaa hasa kwenye uso wa kipande na tabaka la karibu nao, na kadiri unavyokikata chembamba ndivyo unavyozidisha uso kwa uzito uleule. Kwa hiyo vipande vinene vya Coco, vyenye ukoko nje na unyevu ndani, hubeba mafuta machache kwa kila gramu kuliko krispi nyembamba kama karatasi. Na muhogo wa kuchoma juu ya mkaa, ambao haukuona mafuta kabisa, unawashinda wote wawili. Mwenye kupenda muhogo na mwenye kuangalia kiuno chake anaweza kupatana hapo kwenye jiko la mkaa.

Muhogo na mbatata

Ushindani unaotangazwa sana ni kati ya krispi za muhogo na za mbatata. Hapa kuna ukweli nusu, na nusu yake ya pili haisemwi.

Mbatata mbichi ina maji karibu asilimia 80, wakati muhogo una 60. Maji mengi yakitoka, matundu yanayobaki ni mengi, na mafuta yanayoingia ni mengi. Ndiyo maana krispi za mbatata mara nyingi hufikia gramu 34 hivi za mafuta katika kila gramu 100, na za muhogo huishia chini ya hapo. Kwenye mafuta, muhogo unaongoza kwa haki.

Ila ili kupata gramu 100 za krispi za mbatata unahitaji mbatata nyingi zaidi, zinazopita gramu 300, na virutubisho vyote vya mbatata hizo hukusanyika humo. Matokeo yake ni kwamba krispi za mbatata huwa na protini gramu 6 hadi 7, zaidi ya maradufu ya zile za muhogo, na potasiamu nyingi zaidi. Nguvu kwa ujumla hazipishani sana: kilokalori 530 hivi kwa mbatata, 510 kwa muhogo. Anayehama kutoka pakiti moja kwenda nyingine kwa sababu ya uzito ameokoa kilokalori 20 katika gramu 100, ambazo ni kama robo ya ndizi moja ndogo.

Na yale maneno ya kwenye pakiti? Kutokuwa na gluteni ni habari njema kwa mtu mwenye ugonjwa wa siliaki, ambaye utumbo wake hauvumilii protini ya ngano. Kwa mwingine hakumwongezei kitu. Isitoshe, mbatata, ndizi, mchele na mahindi navyo havina gluteni, kwa hiyo muhogo haujawazidi wenzake. Kutokuwa na kolesteroli ni vivyo hivyo: kolesteroli hupatikana kwenye vyakula vya wanyama, na hakuna mmea unaoweza kujisifu kwa kuikosa. Neno "asili" nalo linaeleza mzizi ulikotoka, halielezi umepitia karai gani.

Mkono wa mkaangaji

Karai ndilo linaloamua mengi. Krispi mbili za muhogo mmoja, zilizokaangwa na watu wawili, zinaweza kuwa vyakula viwili tofauti.

Jambo la kwanza ni aina ya mafuta. Alizeti, ambayo Singida na Dodoma zimejulikana nayo, ina mafuta mazito yanayoganda, yale yanayopandisha kolesteroli mbaya, kwa kiasi cha asilimia 10 hadi 12 tu. Mafuta ya mawese yana karibu nusu. Mafuta ya nazi, yenye harufu inayopendwa pwani nzima, yanapita asilimia 80. Tatizo la mkaangaji ni kwamba mafuta mepesi huharibika upesi yakichemshwa tena na tena, wakati mawese huvumilia, na bei yake mara nyingi ni nafuu. Kwa hiyo makarai mengi ya barabarani hutumia mawese yaliyosafishwa, hata pale ambapo mnunuzi anadhani ni alizeti.

La pili ni joto. Mafuta yanayofaa kwa krispi huwa kati ya nyuzi joto 160 na 180. Yakiwa ya uvuguvugu, slesi hukaa muda mrefu zikiyanywa, na hutoka zimelegea na kutota. Yakiwa ya moto kupita kiasi, huungua nje kabla ya kukauka ndani. Mkaangaji anayejaza karai kupita kiasi ili amalize foleni hushusha joto kwa ghafla, na wateja wake ndio wanaomeza matokeo.

La tatu ni dakika ile ya kuopoa, ambayo wengi hawaitilii maanani. Sehemu kubwa ya mafuta huingia ndani ya krispi baada ya kutolewa karaini. Zikiwa bado zinachemka, mvuke unaosukuma kutoka ndani huyazuia mafuta yasiingie. Zikianza kupoa, mvuke ule hujirudi kuwa maji, ndani hubaki uwazi, na mafuta yaliyoshika juu hufyonzwa. Kwa hiyo anayezitikisa vizuri kwenye chujio palepale juu ya karai, zikiwa za moto, kisha akazitandaza juu ya karatasi safi ya kunyonya mafuta, amepunguza mafuta kwa kiwango ambacho maneno ya kwenye pakiti hayawezi. Anayezirundika moja kwa moja kwenye beseni amewaachia wateja mafuta yote.

La nne ni umri wa mafuta. Mafuta yaliyotumika kwa siku nyingi hubadilika: yanakuwa meusi, mazito, yanatoa povu lisilokatika, na huanza kufuka moshi mapema. Hayo ni mafuta yaliyovunjikavunjika na kuungana na hewa, na mwili hauna faida nayo. Nchi kadhaa za Ulaya zina kipimo cha kisheria, ambapo mafuta yakifikisha takriban robo ya viini vilivyoharibika hutupwa. Kwa mnunuzi wa barabarani, macho na pua ndiyo kipimo. Krispi zenye harufu ya samaki au ya mafuta ya jana hazina siri.

Rangi nayo inasema kitu. Mwaka 2002 watafiti wa Sweden waliushtua ulimwengu walipotangaza kwamba vyakula vya wanga vikikaangwa au kuokwa kwa joto kali, zaidi ya nyuzi 120, hutengeneza kemikali iitwayo akrilamidi, ambayo inahesabiwa miongoni mwa vitu vinavyoweza kusababisha saratani. Hutokea kwenye mbatata, mkate, kahawa, na muhogo haukusamehewa. Kadiri chakula kinavyozidi kukolea kahawia ndivyo inavyoongezeka. Ushauri unaotokana na hilo ni mwepesi: krispi ziishie rangi ya dhahabu, na zile zilizobabuka zitupwe, zisichanganywe chini ya mfuko.

Halafu kuna chumvi. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani isiyofikia kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa. Muhogo wenyewe karibu hauna sodiamu. Yote huongezwa na mkono wa muuzaji, na mkono hauna mizani. Watu wenye shinikizo la damu wana haki ya kusema "usinitilie chumvi", na kwa bahati nzuri ndimu na pilipili zinatosha kuufanya muhogo uongee mdomoni.

Sumu ambayo mafuta hayaiondoi

Kuna jambo moja zito ambalo mazungumzo ya krispi huliruka. Muhogo una kiini kiitwacho linamarini. Mzizi ukiwa mzima, kiini hicho hukaa mbali na kimeng'enya chake. Ukikatwa au kupondwa, viwili hivyo hukutana na kutoa sianidi, ambayo ni sumu. Mihogo mitamu ina kidogo, na viwango vya kimataifa vinautambua muhogo kuwa mtamu ukiwa na chini ya miligramu 50 za sianidi kwa kila kilo ya mzizi mbichi. Mihogo michungu inapita hapo, mingine mara nyingi zaidi.

Afrika Mashariki inalijua jambo hili kwa uchungu. Katikati ya miaka ya 1980, wakati wa ukame, watu wa Tarime mkoani Mara walipatwa na konzo, ugonjwa unaopooza miguu ghafla na usioponyeka, baada ya kula muhogo mchungu ambao haukuandaliwa kwa muda wa kutosha. Septemba 2017, wilayani Kasese nchini Uganda, watu 98 waliugua na wawili wakapoteza maisha kwa sababu ya unga wa muhogo wenye sianidi nyingi. Hayo yalihusu ugali, na wingi wa muhogo unaoliwa kwenye ugali haulingani na mfuko wa kachri. Hata hivyo krispi zina udhaifu wa kwao. Makopa na udaga, yaani muhogo wa kusagwa unga, hulowekwa, huvundikwa au kuanikwa kwa siku kadhaa, na sumu hupata muda wa kutoka. Slesi ya krispi mara nyingi hutoka kwenye wembe ikaingia kwenye mafuta ya moto hapohapo. Joto huua kimeng'enya kabla hakijafanya kazi, na linamarini, ambayo huvumilia joto, hubaki ndani. Juu ya hayo, kwa kuwa maji yametoka, kilichobaki kimekolezwa.

Australia iligundua tatizo hili mwaka 2008, krispi za muhogo zilizokuwa madukani zilipopimwa na kukutwa na sianidi nyingi. Nchi hiyo ikaweka kikomo: krispi za muhogo zilizo tayari kuliwa zisizidi miligramu 10 kwa kilo. Kikomo hicho kina mantiki yake. Wataalamu wa FAO na Shirika la Afya Duniani, mwaka 2011, waliweka kiwango cha juu cha sianidi kwa siku moja kuwa miligramu 0.09 kwa kila kilo ya uzito wa mtu. Mtoto wa kilo 20 kikomo chake ni miligramu 1.8. Akila gramu 100 za krispi zilizofuata kanuni ya Australia, amepata miligramu 1, yuko salama. Zikiwa zimetengenezwa kwa muhogo wa miligramu 50 kwa kilo na hakuna kilichopotea njiani, amepata 9. Mihogo mingi mitamu ina kiasi cha chini ya hapo, na sehemu ya sumu hupotea katika kukata na kusuuza, lakini hesabu hiyo inatosha kuonyesha kwa nini aina ya muhogo ni suala la kwanza kwa mtengenezaji.

Wakulima wa pwani ya Kenya wanajua kwamba Kibandameno ni mtamu. Upande wa Tanzania, Kiroba imeenea kwa sifa hiyohiyo. Mwenye kukaanga ahakikishe anajua mbegu anayonunua, na kipande kinachochachatika kwa uchungu ulimini kisiingie karaini. Ganda la ndani, lile la rangi ya waridi au nyeupe, limenywe lote, kwa kuwa ndimo sumu hujazana. Slesi zikishakatwa zilowekwe kwenye maji safi kwa muda, maji yamwagwe, zisuuzwe na kukaushwa kabla ya kukaangwa. Kuloweka huko kunaipa sumu nafasi ya kutoka, na pia huondoa wanga wa juu unaofanya slesi zishikane. Muhogo uliokaa zaidi ya siku mbili tatu tangu kung'olewa, wenye mistari ya bluu au kahawia ndani, uachwe.

Mwili nao una njia ya kujitetea. Huigeuza sianidi kidogo kuwa kitu chepesi kinachotoka kwa mkojo, na kazi hiyo inahitaji salfa, ambayo hupatikana kwenye protini. Anayekula muhogo na dagaa, maharage au nyama ana silaha. Anayekula muhogo mtupu hana. Tunarudi palepale: muhogo unahitaji mwenzake kwa ajili ya kujenga mwili, na unamhitaji pia kwa ajili ya usalama.

Nani ale, na kiasi gani

Kwa mtu mzima mwenye afya, kipimo cha kuridhisha ni gramu 30, yaani mkono mmoja uliojaa. Kina kilokalori 155 hivi na mafuta gramu 7.5. Kosa la kawaida ni kula kutoka kwenye mfuko mkubwa huku macho yako kwenye mpira au simu. Anayemimina kiasi chake kwenye kibakuli na kuufunga mfuko ana nafasi nzuri ya kusimama anapotaka.

Mwenye kisukari asidanganywe na ladha ya chumvi. Kilichomo ni wanga, na wanga huishia kuwa sukari kwenye damu. Mafuta huchelewesha safari hiyo bila kuifuta. Mwenye shinikizo la damu aombe zisizo na chumvi. Mtoto mdogo asiyejua kutafuna vizuri asipewe kabisa, kwa kuwa vipande vikavu vyenye ncha vinaweza kumkwama kooni. Na krispi zisigeuzwe kuwa kifungua kinywa cha mtoto wa shule, hata kama ni rahisi kununua kuliko kuamka kuchemsha.

Zinaweza, hata hivyo, kuwa sehemu ya kifungua kinywa, au ya mkoba wa saa nne, zikipata wenzake. Gramu 30 za krispi za muhogo hazina hata gramu moja ya protini. Ukiongeza gramu 30 za karanga za kukaanga kavu, umeleta protini gramu 7 hivi. Ukitia chungwa moja la wastani, umeleta vitamini C miligramu 70 hivi, zaidi ya ile iliyoungulia karaini. Jumla ni kilokalori karibu 390, na mtoto amepata nguvu, amepata cha kujengea mwili, amepata cha kumkinga. Karanga na machungwa huuzwa kwenye vibanda vilevile vinavyouza krispi, kwa bei ambayo haimshindi mzazi aliyekwisha kuzinunua.

Watengenezaji nao wana deni. Vikundi vingi vya kina mama huko Kilifi, Kwale, Mkuranga na kwingineko wamejipatia riziki kwa kuukaanga na kuufungasha muhogo ambao ungeoza ndani ya siku tatu. Kwa hesabu ile ya juu, kilo moja ya krispi hula karibu kilo mbili za muhogo uliomenywa, na hilo ni soko ambalo mkulima hakuwa nalo. Soko hilo litadumu wakiandika kwenye pakiti uzito, aina ya mafuta, kiasi cha chumvi na tarehe ya kukaangwa, na wakipeleka sampuli kupimwa sianidi kwenye maabara ya viwango. Pakiti yenye taarifa hizo haihitaji kuandikwa "bora kwa afya".

Kwa wanaonunua kwenye karai la barabarani, ambako hakuna pakiti ya kusoma, maswali matatu yanatosha: mafuta haya ni ya lini, muhogo huu ni wa mbegu gani, na slesi umeziloweka? Muuzaji anayeyajibu bila kukunja uso, mnunulie, na umwambie apunguze chumvi.